Waya Uliopita Juu ya Mtaro

Nyumba tuliyopanga Chapwa, karibu na mpaka wa Zambia, ilikuwa na mlango unaofungukia barabarani. Ukitoka ndani unakuta kibaraza, halafu mtaro wa maji ya mvua, halafu kinjia cha waendao kwa miguu, halafu barabara yenyewe. Uwanja hakuna, geti hakuna. Ule ubao tuliolaza juu ya mtaro ulimfaa mtu, haukufaa chombo chenye magurudumu matatu. Kwa hiyo mume wangu alipoleta bajaji ya umeme, furaha yetu haikumaliza hata jioni moja. Bajaji ilibaki ng'ambo ya mtaro, na umeme ukabaki ng'ambo yetu.

Madereva wenzake wa bajaji za mafuta walimcheka. Walimuuliza kama usiku ataibeba mgongoni mpaka kitandani. Mume wangu si mtu wa kujibu maneno. Alikwenda akanunua waya, akauchomeka kwenye soketi ya chumba cha mbele, akaupitisha dirishani, akaufunga kwenye msumari chini ya bati, akauvusha juu ya mtaro na kinjia hadi kwenye nguzo ya mlingoti aliyoichimbia kando ya barabara. Kutoka pale uliteremka kwenye bajaji. Asubuhi alikuwa akipeleka wafanyabiashara mpakani, jioni akiwarudisha. Mchana alikuja kula, akachomeka, akapumzika au akatoka kwa miguu kwenda kwenye shughuli zake.

Mlinzi wa waya nikawa mimi. Nilikuwa nashona kibarazani, na cherehani yangu ilitazama barabara. Jicho moja kwenye sindano, jingine kwenye waya. Nilifukuza watoto waliotaka kuuning'inia. Nilikodolea macho kila kijana aliyesimama karibu na betri muda mrefu kuliko adabu. Hakuna aliyeniuliza kama kazi hiyo naitaka.

Halafu likapita guta lenye magodoro yaliyopangwa juu kupita kimo cha akili. Magodoro yakaukamata waya, waya ukakatika katikati, na mwenye guta akatutukana kana kwamba sisi ndio tuliomfuata. Mwenyekiti wa mtaa alikuja akautazama ule waya uliolala kwenye tope. Alisema maneno machache: tuupandishe juu zaidi, na ukimletea mtu madhara atauondoa kwa mkono wake na bajaji itatafuta pa kulala. Mume wangu akauunganisha, akazungushia tepu nyeusi, akaupandisha kidogo. Akasema wiki ijayo atanunua waya mzima. Jua la kiangazi likaikausha ile tepu, ikaanza kujikunja pembeni, na wiki ijayo ya mume wangu ikaendelea kuwa wiki ijayo. Nilimwambia kiungo kile kinanitisha. Alinijibu kuwa kipo juu, nani atakigusa.

Mvua zilipoanza, baba mkwe akashuka kutoka Ileje kuja kutibiwa kifua.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo mtu ataniona mjinga. Kwetu Itaka, kwa Wanyiha, angalau katika nyumba niliyolelewa mimi, mkwe na baba mkwe wanaheshimiana lakini wanasalimiana kama watu. Kwao mume wangu si hivyo. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hamsemeshi, hapiti alipo yeye kabla hajaondoka, haingii anapolala. Baba mkwe naye hagusi kitu cha mkwe wake. Vijana wengi wa kwao wameliacha jambo hili walipohamia mjini. Baba mkwe wangu hakuliacha hata kidogo. Tangu niolewe hakuwahi kuisikia sauti yangu, na mimi nilimjua kwa mgongo, kwa kofia na kwa kikohozi.

Tulikuwa na vyumba viwili tu. Yeye akapewa cha mbele, kile chenye soketi. Godoro lake likalazwa chini ya dirisha, ukutani palepale waya ulipochomekwa. Tangu siku hiyo chumba kile kikawa mwiko kwangu. Chakula kiliingizwa na mume wangu, na asipokuwepo, na jirani yetu, mwanamke wa Tanga mwenye duka la vitenge, ambaye mambo yetu yalimfurahisha mno.

"Shoga, hebu niambie," aliniuliza siku moja akinipokea bakuli mlangoni. "Moto ukiwaka humo ndani, utamwita nani?"

"Nitakuita wewe," nilimwambia.

"Na mimi nikiwa dukani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, aliingiza uji.

Utaratibu wa kutoka kwake ulikuwa hivi: alikohoa. Akikohoa, mimi naacha cherehani, nainuka, nazunguka kona ya nyumba na kusubiri kwenye uchochoro mpaka apite. Shida ni kwamba mzee aliletwa mjini kwa sababu ya kukohoa. Sikuwa na namna ya kujua kikohozi kipi ni cha adabu na kipi ni cha ugonjwa. Nikawa nainuka kwa vyote. Kuna gauni la mteja nililoshona upindo wake kwa siku nzima kwa sababu hiyo, nikiinuka na kukaa. Nilimkasirikia mzee, nikamkasirikia mume wangu, nikajikasirikia mwenyewe kwa kumkasirikia mgonjwa.

Siku yenyewe mvua ilinyesha asubuhi yote. Bati la chumba cha mbele lilivuja na blanketi la mzee likalowa. Adhuhuri jua likatoka kali, kama linavyotoka huku kwetu baada ya mvua, na ardhi ikawa inafuka mvuke. Niliharakisha kuanika nguo zangu nilizokuwa nimezifua tangu jana, nikaijaza kamba yote ya kuanikia iliyokuwa kando ya kibaraza: khanga zangu, sketi, na zile nguo za ndani ninazozifunika kwa khanga. Mume wangu akaja, akala, akachomeka bajaji, akaenda sokoni kwa miguu kutafuta kioo cha pembeni. Jirani alikuwa dukani kwake. Mwenye nyumba, ambaye swichi kubwa ya umeme iko chumbani kwake, alikuwa amevuka kwenda upande wa Zambia na mlango wake ulikuwa na kufuli.

Mzee akakohoa. Nikainuka, nikazunguka kona.

Alitoka na blanketi begani. Alisimama kibarazani akaitazama kamba. Nikaelewa mara moja kilichomsimamisha, na nikaona aibu. Kamba ilikuwa na nguo zangu. Asingeweza kuzisogeza, asingeweza hata kuikaribia. Akageuza uso upande wa barabara kutafuta pengine, na juani, juu ya kinjia, palikuwa na kitu kingine kirefu cheusi kilichonyooka kutoka batini hadi kwenye nguzo.

Kwa mtu aliyeishi maisha yake yote akianika vitu kwenye kamba iliyofungwa kwenye mti, ile ilikuwa kamba.

Alivuka ubao polepole. Alikuwa amevaa kandambili na tope lilikuwa limemfika vifundoni. Alikuwa mtu mrefu, tofauti na mwanawe. Akalirusha blanketi, likakamata karibu na nguzo, waya ukalegea na kushuka hadi usawa wa kifua chake. Pale alipolirusha waya ulikuwa mzima. Lakini blanketi lilikuwa zito, limejikunja, na mzee akaanza kulivuta kidogo kidogo ili lipate jua lote, mkono wa kulia ukiteleza juu ya waya, kuelekea upande wa nyumba. Kuelekea kwenye kiungo. Nilikiona kabisa kutoka pale nilipokuwa, ile tepu iliyojikunja, na maji ya blanketi yakidondoka.

Nilisimama. Watu wakinisikia nikisimulia hapa huniuliza kwa nini sikupiga kelele, na mimi huwauliza kama wamewahi kukatazwa kitu kwa miaka mingi mpaka koo lenyewe likajua. Mdomo niliufungua. Hakikutoka kitu.

Nikakohoa.

Ndicho nilichoweza. Nilikohoa kama anavyokohoa yeye, kwa nguvu, mara kadhaa. Na yeye, mtu wa adabu, alisikia kwamba kuna mwanamke anataka kupita. Akafanya kilichompasa: akanigeuzia mgongo, akainamisha kichwa, akasogea hatua kando ili anipishe. Hatua ile ilimpeleka upande uleule wa kiungo. Mkono wake haukuachia waya.

Nilijiona nikimzika. Nilimwona mume wangu akirudi na kioo cha pembeni mkononi. Na hapo nikasema, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu:

"Baba, achia huo waya. Una umeme."

Aliganda. Hakugeuka, hakuachia, hakutikisika. Mkono ulibaki pale juu ya blanketi, vidole vimekunjika, na kutoka nyuma sikuweza kuona kama viko kwenye kiungo au kabla yake. Sikujua kama amegandishwa na sauti yangu au na umeme. Tangu utoto nimeambiwa mtu akinaswa na umeme usimshike, kata umeme kwanza. Nikakimbia. Sikukimbilia kwake, nilikimbilia ndani, kwenye chumba chake. Nilikanyaga viatu vyake, nikakanyaga godoro lake kwa miguu yenye tope, nikapiga magoti mahali anapoweka kichwa, nikang'oa plagi ukutani. Niliivuta kwa nguvu hivi kwamba soketi nayo ikatoka na kipande cha plasta.

Nilipotoka alikuwa bado amesimama vilevile.

"Baba," nikasema.

Ndipo aliposhusha mkono. Aliutazama kiganja chake, pande zote mbili. Kiungo kilikuwa mbele ya vidole vyake, umbali wa shubiri moja tu. Halafu akatembea, bila kunitazama, akapita kibarazani, na mimi kwa mara ya kwanza sikuzunguka kona. Nilibana mgongo ukutani. Alipita karibu nami kiasi cha kusikia pumzi yake ikikwaruza. Akaingia, akafunga mlango.

Nililia kwenye cherehani mpaka mume wangu aliporudi. Aliuliza nani kazima chaji, jioni inakuja na abiria wanamsubiri. Nilimwambia yote, hata godoro. Niliyamwaga na mengine, kuhusu wiki ijayo yake, na kwamba sikuolewa ili nimwache mtu afe kwa ajili ya heshima. Akaingia kwa baba yake. Sikusikia walichosema. Alipotoka alisema tu kwamba mzee amekaa ameegemea ukuta, na kwamba mwiko ukivunjwa hivi kwao una utaratibu wake, na kuna kuku wa kuchinja ili kuusafisha. Nikamwambia kuku nitachinja hata watatu, lakini ule waya usirudi ulivyokuwa.

Jioni hiyo hakwenda kazini. Alileta waya mzima usio na kiungo na nguzo ndefu zaidi. Mimi nikachukua vipande vyekundu vilivyobaki kwenye ushonaji nikavifunga kwenye waya kuanzia batini hadi mwisho, kabla hatujaupandisha. Jirani wa Tanga alifunga duka akaja kutazama.

"Mmeupamba kama wa harusi," alisema. Kisha akanisogelea, akaninong'oneza: "Kumbe sauti unayo."

Siku zilizobaki mzee aliendelea na dawa zake, na mimi niliendelea kuinuka akikohoa. Hakuna aliyelitaja lile jambo. Hilo lilinitesa kuliko kama angenifokea. Nilifikiri amejiona ameaibishwa, kwamba akifika kwao atasema mkwe wake wa Kinyiha alimpigia kelele barabarani kama mbuzi, akamkanyagia kitanda. Nilijiambia sijali. Nilijali sana.

Siku ya kurudi kwao, mume wangu aliichomoa bajaji mapema ampeleke stendi. Mimi nilikuwa na mzigo wa nguo za mteja wa huko huko stendi, lakini nilijua nafasi yangu: bajaji ina kiti kimoja cha nyuma, na baba mkwe na mkwe hawakai kiti kimoja. Ningekwenda kwa miguu. Mzee akapanda, nikasimama kwenye kona yangu nikisubiri waondoke.

Bajaji haikuondoka. Mzee alikuwa amejivuta mpaka mwisho wa kiti, upande wa barabara, akaliweka begi lake katikati. Upande wa mtaro palikuwa wazi. Mume wangu alinitazama kupitia kile kioo kipya, naye hakuwa anaelewa zaidi yangu.

Nilivuka ubao nikapanda. Nilitazama mbele, mikono juu ya mzigo. Bajaji ikaanza kwenda, haina mngurumo, kila kitu ndani yake kinasikika.

"Siku ile nilikuona," mzee alisema. Alikuwa anatazama barabarani. "Nilipogeuka kukupisha nilikiona kivuli chako pale kona. Ulisimama muda mrefu."

"Ndiyo, baba."

"Usisimame tena."

Tulifika barabara kuu ya malori. Vumbi likatuingia, akakohoa, kwa nguvu, mara kadhaa, begi likitikisika kati yetu. Nilibaki nimekaa.