Nilivyomtafuta Kanga Mweusi

Naandika haya uso bado unaniwaka. Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi katika ofisi moja ya uhifadhi, mjini Beni. Nilitumwa kijiji cha ukingoni mwa msitu kuuliza kama kanga mweusi, ndege anayechakura majani makavu chini ya miti, bado yupo, na kuwasihi watu wasimle. Mkuu wangu angekuja kunisikiliza, kisha aamue kama nitaajiriwa.

Asubuhi mwenyeji wangu, Mama Kavira, aliniandalia fufu, ugali wa muhogo, na nyama. Niliona nyama ni nyeusi na mifupa myembamba. Nikawaza sana, kama kawaida yangu, nikajijibu: kuku wa shamba ndivyo walivyo. Nikaomba paja la pili.

Mchana, kanisani, nilihubiri kwamba anayemla ndege huyu anawaibia watoto wetu. Mkuu alikaa mbele, akiandika. Nikainua picha ya kanga huyo.

“Nani amemwona karibuni?”

Mama Kavira akasimama, akinihurumia.

“Lakini, mutoto yangu, si ni ule ulikula asubui? Bwana yangu alimutega juu yako, mugeni wetu. Mapaja yote mbili iko mu tumbo yako.”