Uzi Mwekundu wa Shangazi Tabu

Kuna siku moja siisahau, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka nashusha pumzi. Nilikuwa binti wa kijijini Iyula, kichwa kigumu kweli, na magunia yangu matatu ya mahindi yalikuwa yamenyeshewa. Niliyaanika juu juu tu, ndani yakabaki na unyevu.

Shangazi yangu, Tabu, alikuwa akiuza mahindi Tunduma. Magunia yake aliyashona mdomo kwa uzi mwekundu, na kila aliloshona alikuwa amelimwaga lote kwenye turubai akalichambua kwa mkono. Wanunuzi walilijua hilo. Magunia ya wengine waliyachoma bambo, kile chuma cha kuchotea punje, kisha wakavutana bei; ya Shangazi walipakia tu, tena kwa bei nzuri zaidi. Mimi nikaona uzi ni uzi. Nikayashona yangu matatu kwa uzi huo huo, nikayachanganya na yake.

Mnunuzi alikuwa Bana Chanda, yaani Mama Chanda, wa Nakonde ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akisagisha unga wa kuuza. Akapakia bila kuuliza kitu. Dereva akawasha gari. Niliwaza Shangazi akimpoteza mteja wa miaka yote kwa ajili yangu, nikakimbilia mbele ya gari huku nalia.

"Mama, matatu ni mabichi! Ni yangu, Shangazi hajui!"

Shangazi alinikazia macho. "Huyu mama hajawahi kuchoma bambo gunia langu hata moja," akasema. "Leo ungemfundisha kuyachoma."

Bana Chanda akayashusha yale matatu, akatafuna punje, akacheka.

"Mengine nayachukua, mama. Na huyu binti mlete tena. Siku akiniambia ni makavu, nitamwamini."

Nilikaa pale pale juu ya magunia yangu matatu. Sijawahi kufurahi namna ile.

Sasa nasikia unga wa kikundi chenu umepata nembo ya ubora. Hongereni sana. Lakini usiibandike kwenye mfuko ambao hamjaukagua, hata oda iwe ya haraka vipi. Mteja haoni kilichomo ndani, anategemea neno lenu. Kasoro ikiwepo, iseme wewe kabla hajaigundua, upunguze na bei. Ukinyamaza, akija kujua atadhani mmemficha mengi zaidi, na wenzako wote wataharibikiwa. Mungu akupe wateja wanaorudi, mwanangu, na usingizi mzuri kila ukishauza.