Hoteli ya Mama Pale Kawangware

Sisi tuliolelewa Kawangware kabla simu hazijajua kuagiza chakula, tulitambua hoteli kwa moshi wake. Mama yetu, mzaliwa wa Kitui, alikuwa na kibanda cha mabati pale kituo cha matatu cha 56. Alipika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe, na chapati ambazo harufu yake ilitutoa shuleni mbio. Mimi niliosha sahani. Mdogo wangu Mwende, aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kutembea, alilala nyuma ya magunia ya makaa.

Wateja walibishana kila siku ni mji gani unaokula vizuri. Huyu alisifu pilau ya Mombasa, yule nyama ya Machakos. Baba Otieno, dereva wa lori aliyeijua Kenya nzima, alikuwa na jibu lake.

"Nairobi iko na kila kitu," alisema. "Lakini Kisumu mtu anakula samaki polepole mpaka ananyonya kichwa. Hapa kwenu mtu anakula akiangalia barabara."

Tulicheka, ila si sana. Uvumi wa vibanda kubomolewa ulikuwa umezagaa, na Mama alishtuka kila gari kubwa lilipopita. Mimi nilikuwa naota ndoto za mabati yakipasuka.

Mchana mmoja watu wakiwa mezani, Baba Otieno akiwemo, kelele zikatoka nje: "Kanjo! Tingatinga!" Sahani zikaruka. Mama akanyakua sufuria ikichemka, mimi nikabeba chapati, tukavuka barabara. Kibanda cha jirani kikalala chini. Ndipo Mama akanigeukia.

"Mwende ako wapi?"

Nilidhani yuko naye. Yeye alidhani yuko nami. Sauti iliyomtoka Mama sijawahi kuisikia tena kwa binadamu yeyote. Askari wa jiji, hao kanjo, wakamshika asipite. Ukuta wetu ukaanza kukunjika. Baba Otieno akawapenya askari, akainama, akaingia. Paa likaanguka.

Tulisimama tukitazama vumbi. Kisha akatokea upande wa mtaro, damu ikimtiririka sikioni, amemkumbatia Mwende, mtoto mweusi kwa makaa na akilia kwa nguvu zake zote.

"Shika mtoto, Mama. Chakula utapika kingine."

Tulihamia Kibera, karibu na shule ya Olympic. Mama akapika tena, Mwende amefungwa mgongoni kwa leso hata alipokuwa mkubwa wa kwenda shule.

Nimekula Mombasa, Kisumu na Eldoret tangu hapo, na kweli kule watu hawana haraka. Nairobi nayo imejaa mahoteli ya kila ladha, vijana wakipiga chipsi picha hadi zipoe. Juzi niliketi katika hoteli moja ya Riruta Satellite, safi, ina vioo. Lori likafunga breki nje, nikajikuta nimesimama. Hakuna aliyeinua macho. Kila mtu na simu yake. Nikaketi tena taratibu, nikiwatazama mmoja mmoja, nikijiuliza ni nani kati yao angeingia kibandani siku ile.