Jina la Pili la Amani

Mwanangu, naikumbuka siku moja kuliko zote nilizoishi, na ningekuwa na uwezo, ndiyo ningeisahau kwanza. Ilikuwa siku ya kumtoa nje mtoto wangu wa kwanza, pale nyumbani Litapunga. Nilikuwa kijana, nimemaliza kidato cha nne, na nilidhani elimu hiyo inatosha kwa kila jambo.

Sisi ambao wazazi wetu walitoka Burundi tuna desturi moja. Mtoto hupewa jina la kwanza, kisha jina la pili la Kirundi, ambalo ni lake peke yake, si la baba wala la babu. Jina hilo la pili mara nyingi hubeba ujumbe. Mzazi mwenye shukrani huiweka humo. Na mwenye ugomvi na jirani, asiyetaka kushikana naye mashati, huweka neno lake humo pia. Jirani atalisikia kila mtoto anapoitwa, na ataelewa.

Mimi nilikuwa na ugomvi na kaka yangu mkubwa, Zakaria. Baba alipofariki, bonde la mpunga lilibaki mikononi mwake, mimi nikapata shamba la juu, la mahindi. Sikumwuliza kwa nini. Nilinuna tu. Nikaacha kupita kwake, nikaacha kula kwake, na mwisho nikaamini kwamba ukoo mzima uko upande wake. Mtu akinuna muda mrefu bila kuuliza huanza kujijibu mwenyewe, mwanangu, na majibu yake yote huwa mabaya.

Mke wangu, Devota, alikuwa ameshachagua jina la kwanza: Amani. Alilichagua akiwa bado na mimba, na sasa nadhani alikuwa ananiambia mimi. La pili aliniachia.

Siku hiyo wageni walijaa uani. Mama yangu mzazi alikaa mkekani, amempakata mtoto. Zakaria naye alikuja, na gunia la mchele begani. Nilimsalimia kwa kichwa tu. Bibi mmoja jirani akaanza kunitania kwamba huyu msomi wetu atatuletea jina la Kizungu, na sisi tusio na meno ya mbele tutalitamkaje. Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Kisha nikasimama nikasema, "Mtoto anaitwa Amani. Amani Nzikobanyanka."

Kwa wasiojua Kirundi, jina hilo maana yake ni "najua wananichukia."

Mikono ya mama, iliyokuwa inampigapiga mtoto mgongoni, ikasimama. Yule bibi wa utani akainamia kikombe chake. Hakuna aliyemtazama Zakaria, na kwa kutomtazama huko kila mtu alionyesha kwamba ameelewa jina limemlenga nani.

Zakaria hakupandisha sauti. Alisema na yeye alikuja na neno. Baba, kabla hajafa, alimwomba alitunze bonde mpaka mimi nipate mtoto, kwa sababu alijua nina hamu ya mjini na aliogopa ningeliuza. Sasa mtoto amepatikana, na nusu ya bonde ni yake. Ndiyo habari aliyoileta, pamoja na mchele wa bonde hilohilo. Halafu akanigeukia.

"Bonde anapewa mtoto, kama baba alivyosema. Jina umempa wewe. Tutaona atakula kipi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, mwanangu. Majibu ya matusi nilikuwa nayo tele. Lakini kaka hakunitukana.

Mama akasema polepole, "Mwana wanje, mwanangu, lirudishe. Mtoto bado hajalisikia."

Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa mkononi mwangu, mbele ya watu wote, na kwa sababu ya watu haohao nikaikataa. Nilisema nimeshalitamka. Zakaria akachukua kofia yake akaondoka. Mama hakulitamka jina lile mpaka anaingia kaburini.

Miaka ikapita. Amani akaanza shule. Siku moja shemeji yangu, mke wa Zakaria, aliniambia kwamba Amani hucheza kwao vizuri na wenzake, lakini chakula kikitengwa anasema ameshiba, anaondoka. Nikamwita nikamwuliza kulikoni, chakula cha baba mkubwa kina nini. Alichora chini kwa kidole cha mguu, kisha akasema, "Baba, wananichukia kwa nini? Mimi nimewafanya nini?"

Nikamwuliza nani kamwambia hivyo. Akanishangaa. "Si jina langu?"

Hapo ndipo nilipojua nilichokifanya. Nilidhani neno nimemrushia kaka yangu, kumbe lilitua kwa mtoto, na yeye alilichukua kama habari ya kweli kutoka kwa baba yake. Jioni hiyo nilikwenda kwa Zakaria kuomba radhi. Alinisamehe kabla sijamaliza, akamwita mkewe atuletee ugali. Lakini jina sikulibadili. Ningeweza. Niliona aibu kuwarudia wazee na walimu kusema nilikosea, nikasema mwakani, halafu mwakani tena.

Masika iliyopita Zakaria alifariki. Amani, ambaye sasa anaishi Mpanda mjini, ndiye aliyechaguliwa kuzungumza kwa niaba ya watoto. Mshereheshaji wa msiba, kijana asiyejua mambo yetu, akasimama kando ya jeneza akatangaza kwa kipaza sauti kwamba sasa atazungumza Amani Nzikobanyanka. Najua wananichukia. Mbele ya mwili wa mtu aliyemlisha. Nilisikia wazee nyuma yangu wakiguna.

Wiki hii amenipigia simu. Yeye na mkewe wamepata mtoto wa kiume. Akasema jina la kwanza ni Zakaria, na la pili wananiachia mimi. Nilidhani sijasikia vizuri.

"Unaniachia mimi tena?"

"Wewe ndiye unayejua linavyoumiza, baba," akasema, na akacheka kidogo.

Nimezunguka uani na jina hilo asubuhi nzima. Nimeliita kwa sauti, Zakaria, nikaweka hili nyuma yake, nikaweka lile, mpaka kuku wakanizoea. Mwisho nimempigia nikamwambia afuate desturi ya Watanzania wenzake, jina la baba likae katikati. Zakaria Amani. Na la mwisho, kama atakubali, liwe langu, Gabrieli. Nikasikia anapenga kamasi. Kisha akasema Nzikobanyanka atabaki nalo yeye, lisivuke hapo.

Basi, mwanangu, wewe unayetafuta jina la pili la mtoto wako, usilitafute ukiwa umenuna. Kama una neno na ndugu yako, nenda kwake ukaliseme, ukalie kiti chake, mtoto umwache alale. Halafu simama mlangoni uite majina yote mawili kwa pamoja, kama unamwita mtoto aje kula. Jiulize kama yanaweza kukaa ndani ya mtoto mmoja bila kugombana. Jiulize atajisikiaje yakitangazwa msibani, na wewe haupo kueleza. Na ukiwa umeshakosea, lirudishe mapema, hata kama uani kumejaa watu.

Mungu akulindie mtoto wako. Amjalie kuitwa katika nyumba nyingi, na kila atakapoitwa aende mbio, akijua kuna sahani yake.