Meno ya Mpiga Picha

Mtaani walimwita Mama Usingizi, na sifa zake zilikuwa zimevuka mipaka. Walisema siku moja alipiga mwayo sokoni, mbuzi wakalala chali na wanunuzi wakasahau walichofuata. Jogoo wa jirani naye, tangu mama huyo ahamie pale, alikuwa akiwika kwa kunong'ona. Wenye watoto wasiolala waliwabeba mpaka mlangoni kwake: "Mguse kichwani tu, mama, basi."

"Mimi nawalaza wanaopasuliwa," aliwajibu. "Huyo mbembelezeni wenyewe."

Tena kulaza hakukuwa kazi yenyewe. Kulaza, hata hotuba ndefu inaweza. Kazi ilikuwa kuishika roho ya mtu wakati mwenyewe hajijui: kumvutia pumzi, kuichunga presha yake, kisha kumrudisha kwa watu wake na akili zake zote kichwani. Ndiyo maana siku moja kabla ya upasuaji alipanda wodini akaketi kando ya mgonjwa kitandani, akamchimba kama mama mkwe anayempima bwana harusi.

Mgonjwa wa safari hii alikuwa mpiga picha mstaafu. Watu walimpachika jina la Tabasamu, kwa sababu hilo ndilo neno alilowapigia kelele wateja wake maisha yote, na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na meno meupe ya kuwasha taa chumbani. Ndani ya mwili lakini mambo hayakuwa meupe. Sukari ilikuwa juu, moyo umechoka, na kwenye utumbo kulikuwa na uvimbe ambao usipotolewa ungemmaliza kabla mvua hazijarudi. Kando yake aliketi mkewe wa pili, mwanamke mdogo kwake kwa umri, aliyeolewa baada ya yule wa kwanza kufariki.

"Ukipanda ngazi unahema?" Mama Usingizi aliuliza.

"Ngazi ndizo zinahema zikiniona."

"Dawa za moyo unameza?"

"Anameza," mke akasema. "Nikimsimamia."

"Na meno ya bandia unayo?"

Mzee akaruka kama aliyekalia mwiba. "Mimi? Haya nimezaliwa nayo!"

"Ulimng'ata mkunga, basi. Fungua mdomo."

Akafungua kidogo, kama mlango wa mtu anayedaiwa. Mama Usingizi akamulika tochi, akaona kiwaya kinameta nyuma ya jino. Meno manne ya mbele yalikuwa ya kuvaa na kuvua. Hapo hapo akajilaumu: swali kama lile haulizwi mtu mbele ya mke wake. Akazima tochi, akamtuma mke akaulizie blanketi la ziada.

"Mzee wangu, yale manne yatoke."

"Hayatoki."

"Nikishakulaza, nakupitishia mpira kooni ukusaidie kupumua. Meno yakichomoka yanashuka nao. Utakufa kwa meno, uvimbe ukucheke."

Mzee akageukia ukuta. "Yule hajawahi kuniona kibogoyo. Navaa kabla hajaamka, navua akishalala. Alinipendea tabasamu hili. Kama ni kuyatoa, mimi narudi nyumbani na uvimbe wangu."

Wala hakuwa anatania. Mama Usingizi alishawaona wengi wanaoogopa kisu, wengine wanaogopa kutoamka. Huyu kifo alikuwa radhi nacho, mradi kimkute na meno.

"Sikiliza," akasema. "Utayavua mlangoni mwa chumba cha upasuaji, ambako mkeo hafiki. Nitayaweka kwenye kikopo, kikopo nitakaa nacho mwenyewe. Ukiamka vizuri ukaweza kumeza mate, nakurudishia. Lakini kama moyo wako utataka kupumzika kwenye mashine, mkeo atakuja kukuona, na mimi sitamfunga macho. Siwezi kukuahidi uongo."

Mzee akapiga moyo konde. "Ukiyapoteza nitakutokea ndotoni."

"Ndoto ni za kwangu. Wewe chagua yako."

Kesho yake akayavua mlangoni, amejifunika mdomo kwa kiganja kama binti anayeona haya. Mama Usingizi akampa dawa ya nusu kaputi kidogo kidogo, maana moyo mchovu ukisukumwa ghafla unakaa chini. Daktari mpasuaji, kijana mwenye haraka, alikuwa ameshavaa glovu.

"Mama, amelala?"

"Macho yamelala. Moyo bado napatana nao bei. Ngoja."

Akangoja. Kazi ikaanza, ikaenda, na uvimbe ulipokaribia kutoka damu ikamwagika, presha ikaporomoka. Mama Usingizi hakupandisha hata sauti. "Simama hapo, ziba," akamwambia mpasuaji, akafungulia damu aliyokuwa ameiweka tayari, akaongeza dawa ya kukaza mishipa tone kwa tone, vidole vyake viko shingoni kwa mzee kana kwamba anasikiliza redio ya jirani. Presha ikapanda taratibu. "Haya, endelea." Uvimbe ukatoka.

Lakini moyo ukataka mapumziko kweli. Mzee akapelekwa chumba cha wagonjwa mahututi, mpira ungali kooni, midomo imebonyea, pengo wazi. Mkewe akaingia. Akamtazama sana. Mama Usingizi akashika kikopo mfukoni, akisubiri.

"Mama," mke akasema kwa sauti ya chini, "meno yake mmeyahifadhi? Akiamka hana, atatununia mwezi mzima."

"Kumbe unajua?"

"Tangu wiki ya harusi! Kila usiku najikoromesha mapema ili masikini avue apumzike. Asubuhi nasikia *tk*, ndipo naamka. Unafikiri ni rahisi kukoroma huna usingizi?"

Mama Usingizi akaziba mdomo asicheke mbele ya wagonjwa.

Kesho yake mzee akatolewa mpira. Akapumua mwenyewe, akakohoa, akameza mate bila taabu. Kitu cha kwanza, mkono ukaenda mdomoni. Kisha akamwona mkewe: amesimama dirishani, amempa mgongo, anachunguza pazia kama analinunua.

"Ameniona?" akanong'ona.

"Muulize mwenyewe," Mama Usingizi akasema, akampa kikopo.

Mzee akayavaa. *Tk*.

"Nigeuke sasa?" mke akauliza, bado anatazama pazia.

Kicheko kikampanda mzee, akashika tumbo, machozi yakamtoka kwa maumivu na kwa furaha.

"Usicheke, mshono!" Mama Usingizi akamkemea, huku akimkandamizia mto tumboni. Akamtazama mke. "Na wewe geuka, lakini usimwambie neno jingine mpaka nyuzi zitoke."