Tulidhani Muwa ni Mswaki

Naitwa Mama Neema, wa Ruhembe. Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa palizi kwenye mashamba ya miwa, na mdomo wangu haukujua kupumzika: ukichoka kuongea, unatafuna. Kwetu muwa ulikuwa ndio mswaki. Tukimaliza ugali wa jioni, kila mtu anapewa pingili yake, anatafuna, anatema makapi, analala. Meno yanateleza, mdomo mtamu. Nani angetia shaka?

Jino la nyuma, chini kulia, lilianza kuuma nikinywa maji baridi. Mimi ni mdadisi tangu utotoni, basi ulimi haukutoka hapo mpaka ukagundua tundu. Mama mkwe akanipa karafuu. Jirani akanipa ugoro, nikaujaza humo. Maumivu yakatulia, kisha yakarudi na uvimbe.

Shavu likajaa. Uvimbe ukashuka chini ya kidevu, mgumu kama ubao. Mdomo ukagoma kufunguka, mate yakanitiririka, na harufu yake ilinitia aibu. Siku niliposhindwa kumeza hata uji, mume wangu alinitazama nikihangaika kuvuta pumzi.

"Mama Neema, hili si jino tena," akasema, akaita bodaboda.

Hospitalini Mikumi, daktari wa meno, mwanamke mpole, hakunificha. "Usaha umeshuka shingoni, mama. Tukiuacha utaziba njia ya hewa."

Nilimfikiria Neema, binti yangu wa darasa la pili. Niliogopa kufa, nasema wazi. Walinipasua chini ya taya, wakaweka mpira wa kutolea usaha, wakanichoma sindano asubuhi na jioni. Jino liling'olewa.

Nilipoweza kuongea, nilianza na swali. "Daktari, limeliwa na nini?"

"Wewe unasafishia meno nini?"

"Muwa."

Hakucheka. Alinieleza kwamba nyuzi za muwa zinasugua juu juu tu, lakini maji yake ya sukari yanabaki kwenye mianya. Vijidudu vya mdomoni vinaila sukari hiyo usiku kucha na kutengeneza asidi inayotoboa jino. Kumbe kila jioni nilikuwa naviandalia chakula!

Niliporudi nyumbani nilitaka kuona kwa macho yangu. Nikampa Neema muwa, akatafuna, kisha nikakwangua jino lake taratibu kwa kijiti safi. Kikatoka na utando mweupe unaonata.

"Mama, hiyo ilikuwa mdomoni mwangu?"

"Ndiyo. Hebu panua zaidi."

Tukasogea juani. Nyuma kabisa nikaona doa jeusi, na moyo ukanipasuka. Jirani alisogea kutazama, akanituliza, "Hilo ni la utoto, litang'oka lenyewe." Lakini swali likanikaa: mbona alipokuwa mdogo sikumbuki kuliona jino hilo huko mwisho wa mdomo? Kesho yake tukaenda Mikumi.

"Hili ni la ukubwani," daktari alisema. "Linaota nyuma ya yale ya utoto bila lolote kung'oka, ndiyo maana wazazi hawalijui. Tundu bado dogo, tutaliziba." Machozi yalinitoka palepale.

Neema alipoketi baada ya jino kuzibwa, akauliza, "Na la mama litaota lini?"

"La mama halioti tena," daktari akamjibu.

Neema aliniangalia, akagusa kovu langu la chini ya taya. Jioni ile alichukua mswaki tuliomnunulia Mikumi, kabla sijamwambia.

Sasa muwa tunakula mchana, na maji ya kusukutua baadaye. Asubuhi na kabla ya kulala tunapiga mswaki kwa dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje ya harage, na mimi nasimama pembeni maana watoto husahau nyuma. Namshukuru Mungu kwa pumzi hii na kwa mikono ya daktari yule. Wazazi wenzangu, msisubiri mtoto alie. Mwiteni sasa hivi, mtoeni nje kwenye mwanga, mwambieni apanue mdomo, mtazame mpaka mwisho.