Kizibo Alichokaza Mzee

Fundi wa magari wa pale Kiirua hana haraka, na mimi bibi kizee haraka ninayo. Nilimpelekea pikapu ya mzee wangu, marehemu mume wangu, ile inayobeba viazi vyangu, kwa sababu mafuta ya giaboksi yamekuwa matope na kizibo cha chini, cha kuyamwagia, kimekataa kutoka. Kabla ya kukigusa alifungua kwanza kile cha juu, pale mafuta yanapoingilia. "Nikimwaga huku chini halafu huku juu kukatae, shosho, viazi utabeba kwa mgongo." Akalala chini ya gari, akapasha moto chuma kinachozunguka kizibo, akagusa kwa mgongo wa mkono, akapasha tena. Spana anaishika kama mtu anayetoa yai chini ya kuku. "Si upige nyundo!" nikamwambia. "Mzee alikuwa anapiga." Akajibu kwa ile sauti yake ya chini, "Giaboksi ikipasuka, shosho, hakuna ingine."

Kilipolegea hakushangilia. Alikipangusa, akakigeuza-geuza. Kona zote zilikuwa zimelika, maana mzee alikikaza kwa kuongezea spana bomba na kusimama juu yake, mwaka ule mikono ilianza kumtetemeka na hakutaka mtu ajue. Nikangoja fundi acheke.

"Nani alikaza hii?"

"Mzee wangu."

Akakiangalia tena. "Alikaza vizuri," akasema. Akaweka kipya, na kile cha mzee akakifunga kwa kitambaa safi, akanipa mkononi.